Umeichagulia Nyumba Gani?

Nyandira,
3 Machi 1996

Baba Witness,

Barua hii nimempa dereva wa lori la kabichi, kwa hiyo ikifika inanuka usishangae. Huku hatujambo. Witness amepona kikohozi, mbuzi mkubwa amezaa, karoti zimekubali. Baada ya hayo niseme neno ambalo nimelikalia tangu Jumatano ya Majivu. Nilijikataza kulisema kwa ajili ya Kwaresima, nikashindwa.

Mdogo wangu Anastasia ana taa.

Si kibatari wala karabai. Ana umeme wa jua. Mumewe Elia alipanda mlima na kioo mgongoni kama mtu aliyehama na mlango wake. Akaja fundi, wakakifunga juu ya bati, waya ukashuka mpaka kwenye betri ya gari chini ya meza, na jioni yake ukoo mzima ukaitwa kutazama. Na mimi niliitwa. Nikapewa kiti, nikaambiwa nisubiri, Elia akabonyeza, tukaonana. Ndiyo hilo tu, tulionana, kama vile mchana huwa hatuonani. Watu wakapiga makofi. Anastasia akaniambia mbele yao, "Dada, mbona una majivu usoni?" Nilikuwa nimetoka jikoni kwangu, ambako hayo majivu hayaonekani.

Usifikiri nina wivu. Mimi na Anastasia tumenyonya ziwa moja. Ila Witness siku hizi anahamishia madaftari yake kule kila jioni, na juzi nilipomwita aje kula akajibu amekwisha kula. Kuku bado wanarudi kwangu, lakini na wao nawatazama kwa makini.

Nasikia sola ziko za aina nyingi. Hapa kijijini mimi nimeona tatu. Masista pale misheni wana ile ya kupasha maji ya kuoga. Maji ya moto sisi tunayo, kuni hazijaisha. Ya pili ni lile jiko la jua walilotuletea watu wa mradi, sanduku lenye kioo ndani. Niliweka yai nilipotoka misa, nikalitoa wakati wa kurudisha mbuzi, na lilikuwa bado linafaa kuatamiwa. Ukungu wetu haukuwamo katika mipango yao. Sasa kuku wanatagia humo, kwa hiyo kwa upande wa mayai mradi umefaulu. Ya tatu ndiyo ya Elia.

Wewe uko mjini, na tangu kiwanda kiuzwe mkaachishwa kazi, ulisema umepata nafasi kwenye duka la vitu vya umeme. Basi tuchagulie ya kwetu. Lakini iwe ya kufungwa juu ya bati, na sababu unaijua. Nyumba yetu iko kwenye ardhi ya mama zangu. Mwanaume aliyeoa kwetu anakaa kwa ruhusa ya ukoo wa mke. Anacholima ni chake, alichogongomea kinabaki. Elia alipokaza ile bolti ya mwisho, Mjomba Yakobo, ambaye ndiye mgawaji wa ardhi ya ukoo, alivuta ugoro wake akasema, "Huyu sasa amekaa."

Wewe una miaka yote hii na Mjomba hajakusemea neno hilo. Nilikuwa pale. Nilisikia lilivyosemwa, na niliona macho ya watu yalikogeukia.

Mkeo,
Modesta


Morogoro,
14 Machi 1996

Mama Witness,

Barua imefika. Ilinuka mpaka mteja mmoja akauliza kama siku hizi tunauza na mboga.

Umefanya vizuri kuniuliza mimi kabla hujamuuliza mtu mwingine. Tangu mambo yalipofunguliwa na vitu vikaanza kuingia kutoka Dubai, kila mtu hapa mjini ni mtaalamu wa sola, pamoja na wauza mitumba. Lakini hapa dukani kwa Bi Shadya tunazishika kwa mikono, na Bi Shadya anasema mtu akichagua sola kwa macho atalia kwa macho hayo hayo.

Sikiliza. Paneli, yaani hicho kioo, ziko namna mbili. Ipo ya bluu, ndani yake utaona vipande vipande vimepangwa kama vigae. Hiyo ni ndogo, nyepesi, na kali. Jua likiwa wazi inajaza betri upesi. Halafu ipo ya kahawia, kioo kimoja kizima, pana na nzito, na mwendo wake ni wa pole. Bi Shadya anasema ile ya kahawia huchuja kidogo kidogo kadiri inavyokaa juani. Kwa hiyo ni ya bluu.

Kisha kuna namna ya kuiweka. Elia ameifunga juu ya bati. Bi Shadya anapendelea kitako cha vyuma kinachokunjwa, unakisimamisha uani, na mimi nimeiona akili yake. Asubuhi unakigeuzia mashariki, jioni unakigeuzia magharibi, jua halikupiti. Mvua ikija unaingiza ndani. Mwizi akija, paneli iko chini ya kitanda. Jamaa mmoja wa kule Mzinga alinunua ya namna hiyo na hajarudi kulalamika. Bati la Elia limelalia upande wa mlima. Mchana ukipinda kidogo tu linaingia kivulini. Mpe mpaka Pasaka, atakuwa anaitafuta hiyo taa yake kwa kibiriti.

Kazi ni nyingi. Wiki iliyopita nilikwenda Gairo na mzigo wa duka. Huko jua si la kubahatisha, na wakulima wa mahindi na karanga wananunua sola kama wanavyonunua chumvi. Bi Shadya alifurahi sana na mauzo.

Mwambie Witness daftari linasomeka hata kwa kibatari. Baba yake alisoma hivyo hivyo.

Ni mimi,
Kasiani


Nyandira,
27 Machi 1996

Baba Witness,

Bi Shadya anasema. Bi Shadya anapendelea. Bi Shadya alifurahi. Nilimpa Witness anisomee barua yako kwa sauti, mimi nikachambua maharage, na kila alipofika kwa Bi Shadya nikaweka punje pembeni. Jioni tulizipika.

Je, ana mume? Nauliza kwa ajili ya sola tu, nijue ushauri huu unatoka katika nyumba ya namna gani.

Sasa hiki kitako chako cha kukunja. Huku kwetu mtu wa kwanza kuja na kitanda cha kukunja alikuwa yule mwalimu mgeni, unamkumbuka. Tulimsifu kwa kitanda chake. Muhula ulipoisha alikikunja. Mimi sijui mambo ya umeme, elimu yangu ni ya kisomo cha watu wazima na kutazama watu, lakini najua kuwa mwanaume anaposifia kitu kwa sababu kinabebeka, mkewe hana budi kuuliza kinabebwa kwenda wapi.

Tena unasema asubuhi nikigeuzie mashariki, jioni magharibi, mvua ikija niingize. Nani? Mimi saa hizo niko bondeni kwenye karoti. Yaani kati ya sola zote za Dubai umenichagulia inayotaka kuchungwa kama mbuzi, na mchungaji wake yuko Morogoro.

Mimi nataka ya juu ya bati. Ukungu ukija iukute, ukiondoka iuache, na kila anayepita njia ya kisimani aione bila kuonyeshwa. Anastasia amenunua kitambaa cha meza cha kuendana na taa. Amenialika nije nikitazame. Nimekwenda. Ni kitambaa.

Kama huamini bati letu, tuma fundi alitazame. Au uje mwenyewe Pasaka, ulitazame pamoja na mengine.

Modesta


Morogoro,
6 Aprili 1996

Mama Witness,

Pasaka sitaweza kupanda. Duka limejaa, na kuna mipango inayojadiliwa nitakueleza ikiiva.

Bi Shadya ni mjane. Umeuliza, nimejibu.

Sola nimekwishanunua, ya bluu pamoja na kitako chake. Anakuja nayo Mwinshehe, fundi wa hapa dukani. Ni mtu wa Matombo, Mwislamu, kwa hiyo ile nyama ya nguruwe ya sikukuu msimwekee. Mchinjieni jogoo. Akuonyeshe kukunja na kukunjua, aunge waya na betri, basi. Bati asiliguse. Ni kazi ya asubuhi moja, mchana awe njiani kushuka.

Kasiani


Nyandira,
17 Aprili 1996

Baba Witness,

Fundi alifika akiwa amelowa chapachapa na paneli ikiwa kavu, maana aliivulia koti lake. Hapo hapo nikajua ni mtu wa namna gani.

Asubuhi moja uliyoisema iliikuta masika. Mvua ya huku unaijua, au ulikuwa unaijua. Mwinshehe hakuweza kufanya kazi wala kushuka, basi akabaki huku kijijini mpaka ilipochoka. Mtu huyu hawezi kukaa bure. Alishona kandambili ya Witness. Alikaza mguu wa meza, ule ulioukunjia karatasi. Mvua ilipopumua akachukua ngazi akalinyoosha lile gata la kukingia maji ya bati ulilolifunga wewe, ambalo maji yalikuwa yanalikwepa, na sasa pipa linajaa. Sikuwa najua kuwa pipa letu hujaa. Anakula polepole, anashukuru, kisha anaosha sahani yake mwenyewe. Ananiita shemeji.

Alipoifungua paneli aliitazama kwa muda, akaniuliza kama wewe ni mwenyeji wa huku. Nikamwambia nyumba hii ndimo unamolala tangu ndoa, ukiwa unalala huku. Akanyamaza. Mimi fundi akinyamaza namwongezea chai. Kwenye kikombe cha pili akasema, "Shemeji, hii ni paneli nzuri sana. Ningekuwa naipeleka Gairo nisingefungua mdomo."

Akanieleza taratibu, kama anavyokula. Kwamba ya bluu inalitaka jua lenyewe, wazi, lisiloingiliwa. Huku kwetu jua linashika zamu na ukungu, na kwenye ukungu ni ile ya kahawia inayojikongoja ikaokota chochote. Ni nzito, haifai kuhamishwa hamishwa, lakini ukishaifunga juu ya bati huna kazi nayo. Nikamuuliza kama mume wangu anayajua hayo. Akasema anayajua vizuri, alikusikia mwenyewe ukimweleza mteja wa kijiji cha Bunduki, ukamuuzia ya kahawia.

Kwa hiyo mtu wa Bunduki, ambaye anakaa ukungu huu huu, alipata ya kahawia, na mkeo amepata ya bluu yenye kitako cha kukunja. Sina maneno mengi. Nina swali moja tu, na nataka ulijibu wewe, si duka. Paneli hii umeichagulia nyumba gani?

Wakati nangoja jibu nimeamuru ifungwe juu ya bati. Mwinshehe alisita, akasema maagizo ya mwenye mali ni kitako. Nikamwambia mwenye bati ni mimi. Mjomba Yakobo alikuja mwenyewe kushika ngazi. Imekaa vizuri, bolti nne. Taa inawaka mpaka tunapomaliza kula, na siku ya ukungu mwingi tunamalizia gizani, kama fundi alivyosema. Ya Elia inawahi kuzimika kuliko yetu. Sisemi kwa wivu. Nasema kwa sababu nilisimama nje nikangoja.

Kitako chako ni imara sana. Naanikia vyombo.

Modesta


Morogoro,
23 Aprili 1996

Modesta,

Gata lile lilikuwa na kasoro gani? Nililifunga kwa mkono wangu mwaka alipozaliwa Witness, na maji yalikuwa yanapita. Kama baadaye yalianza kulikwepa, ni maji ya nyumba ile, yana tabia zake.

Nani aliyemwambia akuite shemeji? Mimi na Mwinshehe hatuna undugu, hatuna utani, tuna kaunta moja tu, yeye upande wa kulehemu na mimi upande wa bei. Nilimpeleka kuunga waya. Sasa nasikia kandambili, nasikia meza, nasikia pipa. Na huyo jogoo aliliwa siku ngapi? Mtu anayekula polepole hana haraka ya kuondoka, hilo na mimi bila kisomo naliona.

Nilimuuliza jana mbele ya wateja alilala wapi. Alinitazama akaendelea kulehemu redio ya mtu. Nimekaa na jibu hilo mpaka sasa.

Habari za Gairo nimekwisha kusema, nilikwenda na mzigo. Na paneli ni mali yangu. Nilisema kitako, ikatobolewa bati. Kama kwenu mwenye bati ndiye anayeamua kila kitu, basi na mwenye paneli aamue juu ya paneli. Iteremshwe. Anapanda tena Mwinshehe na barua hii. Ningetuma mtu mwingine, lakini Bi Shadya anasema aliyefunga ndiye afungue. Aifungue, aifunike, na ashuke nayo siku hiyo hiyo, hata kama mvua inanyesha mawe. Chai asiongezewe.

Kasiani


Morogoro,
2 Mei 1996

Bwana Kasiani,

Assalaam aleikum. Nimefika dukani hukuwepo, nimeambiwa umepelekwa Turiani na mzigo, kwa hiyo naacha maandishi haya pamoja na paneli. Iko nyuma ya mafriji, imefungwa kwenye blanketi. Blanketi ni la mkeo, litarudi.

Nilifanya ulivyoagiza. Mama Witness alisoma barua yako mlangoni, akaikunja, akaniletea ngazi. Alinishikia yeye mwenyewe. Nilipofika chini akaniuliza kama nimehesabu bolti zote, zisije zikabaki mali za watu. Nilitaka kuziba matundu kwa lami kabla sijaondoka. Alikataa.

Kwa lile uliloniuliza mbele ya wateja, nilinyamaza kwa sababu wale walikuwa wateja. Wakati wa ile mvua nililala kwa Mzee Yakobo, kitanda cha pili, na nikipanda mlima mara nyingine sitaki kulala tena chumba kimoja na mzee yule, anakoroma kama mashine ya kukoboa. Mchana nilikuwa kwako kwa sababu ndiko kulikokuwa na kazi. Kazi ilikuwa nyingi kwa nyumba yenye mume.

Mimi ni fundi wa umeme wa jua. Mara nyingine ukiwa na jambo la kushusha, panda ushushe.

Mwinshehe


Nyandira,
10 Mei 1996

Baba Witness,

Paneli imekufikia, naamini. Sikulia, kama ulitaka kujua. Wakati fundi yuko juu ya bati, Anastasia alitoka akasimama uani kwake akipepeta. Ungo haukuwa na kitu. Alipepeta mpaka bolti ya mwisho ikatoka, kisha akaingia ndani.

Yamebaki matundu manne. Nimeweka sufuria mbili, beseni, na lile sanduku la jiko la jua, ambalo hatimaye limepata kazi ya pili. Kila tundu lina sauti yake. Witness anaandika hesabu zake katikati ya matone, anasogeza daftari kama anayecheza bao. Amekataa kwenda kwa mama yake mdogo. Sikumkataza mimi.

Sasa nikueleze jambo nililokuwekea. Nilitaka nikuambie kwa mdomo siku ya Pentekoste, utakapokuja.

Siku ile paneli ilipofungwa, Mjomba alipoiachia ngazi alivuta ugoro, akatazama juu kwa muda. Elia alikuwepo, Anastasia alikuwepo. Akasema, "Kasiani amekaa. Mwonyesheni mahali apande miti."

Unajua maana yake, lakini nitaiandika ili uisome. Mkwe kwetu hupewa mahali pa kabichi, kwa sababu kabichi linang'olewa. Mahali pa miti hapewi mpaka ukoo umeamini kuwa haondoki, maana aliyepanda mti amepanda na wajukuu wake. Elia ana kioo juu ya bati na hajapewa mpaka leo. Wewe ulipewa ukiwa hupo. Nilikuombea mimi, tangu Kwaresima, kwa maneno na kwa pombe, na paneli ndiyo iliyomaliza maneno. Ni pale chini ya kisima mpaka kwenye migomba ya bibi. Anastasia aliondoka bila kuaga. Nilifurahi furaha mbaya, nimekwisha kuiungama kwa padri, na bado ninayo kidogo.

Nikaanza kuchimba mashimo ya miti ya matunda damu. Udongo ule mweusi, wewe mwenyewe uliwahi kuusifu.

Siku paneli iliposhuka, Mjomba alipita, akatazama bati, akavaa kofia yake akaenda. Hakusema nafasi imefutwa. Wewe unamjua akinyamaza.

Mwinshehe alilala kwa Mjomba, nilisahau kuandika. Ana umri wa kunizaa na meno ya mbele hana, na hilo wewe ulikuwa unalijua. Nilitaka uonje ladha ya "Bi Shadya anasema". Nilidhani itakuleta. Kumbe imeleta ngazi. Sasa na wewe niambie ulichosahau kuandika kwenye barua zako.

Mwinshehe alitaka kuyaziba matundu. Elia naye amejitolea, amekuja na kopo la lami kabisa. Nimewakatalia wote. Mvua iingie. Matundu ni yako.

Modesta


Morogoro,
20 Mei 1996

Mama Witness,

Nimesoma barua yako nikiwa nimesimama, nikaisoma tena nimekaa.

Nilichosahau kuandika ni hiki. Bi Shadya anafungua duka Gairo, na tangu mwezi wa pili aliniomba nikalisimamie. Nyuma ya duka kuna chumba, kina bati jipya na jua la kutosha. Sikukubali, lakini sikukataa pia. Nilijiambia nanunua sola ya nyumba yetu, na mikono yangu ikachagua ya chumba kile. Mwinshehe aliliona kwa kuitazama tu, na wewe ukaliona kwa kikombe cha chai. Mimi niliyeilipia ndiye nilikuwa wa mwisho kuliona. Swali lako lilikuwa halina jibu lingine, ndiyo maana nilikujibu habari za gata.

Na kwa nini sikukataa, hilo ni gumu zaidi kuandika. Kiwandani nilikuwa na kabati lenye kufuli langu. Kilipouzwa nikabaki na ufunguo. Nikipanda huko kwenu nalala vizuri, nakula vizuri, lakini Mjomba akitoa tu kile kikopo chake cha ugoro mimi natazama mkoba wangu uko wapi. Elia aliposemewa amekaa, niliumwa kuliko wewe ulivyoumwa na taa. Nikaona bora niwe na kitu changu ninachoweza kukikunja. Sikujua kuwa huko nyuma kulikuwa na mtu anayenywesha wazee pombe kwa ajili yangu.

Nimemwambia Bi Shadya siendi. Nilikuwa nimejiandaa kwa masikitiko yake, hata maneno ya kumfariji nilikuwa nayo. Sikumaliza sentensi. Alisema sawa, atampeleka mpwa wake Abeid, ila kabla sijaenda likizo nimfundishe tofauti ya paneli ya bluu na ya kahawia. Kumbe hicho tu ndicho alichokuwa akikitaka kwangu. Iliniuma kidogo, nakuambia ukweli ili na wewe ufurahi.

Mwinshehe nilimwomba radhi mbele ya kaunta, wateja wakisikia. Alisema "haya", akaendelea kulehemu.

Ya bluu nimeirudisha, nimechukua ya kahawia. Ni nzito kama mlango, sasa namwelewa Elia alivyopanda. Nakuja nayo mwenyewe kwa lori la Jumamosi, nisubirini kabla ya Pentekoste. Nina lami, nina bolti. Mwombe Mjomba ngazi, na umwambie nani anaitaka na kwa nini. Kwa Elia usiazime. Paneli hii ni pana kuliko ile, kwa hiyo matundu mawili ya juu nitayatumia, ya chini nitayaziba na kutoboa mengine. Sitakudanganya kuwa yote yatalingana.

Taa yenyewe haitakuwa kali kama uliyoizoea. Itakuwa ya pole, lakini siku ya ukungu itakuwepo. Tukionana na una majivu usoni nitakuambia taratibu, si mbele ya watu.

Mashimo ya miti simama hapo ulipofika. Nibakizie.

Mumeo,
Kasiani

Nyongeza: Mwinshehe anakusalimu, anasema asante kwa blanketi. Salamu zake nimezileta kama alivyozitoa, sikupunguza. Lakini nikimaliza paneli, kabla sijashuka kwenye ngazi, nitalifungua lile gata nilifunge upya. Pipa likijaa, lijae kwa mkono wangu.